Dobi Aliyekatazwa Kutaja Doa

Hebu mfikirie mzee mmoja anafika. Kavaa koti la kijivu, koti la harusi yake mwenyewe, lililopigwa pasi mpaka mikono yake inaweza kukata mkate. Viatu vinameta. Bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, maana limebeba mabunda miaka mingi, na jioni hii, kwa kuwa halina bunda, linaonekana kama limepotelewa. Nyuma yake yupo mama mwenye gauni la manjano, mkoba mkononi, manukato shingoni. Umewaona? Sasa angalia wamesimama wapi. Hawapo mbele ya ule mlango wa kioo wenye taa mbili na mti uliopandwa kwenye chungu. Wapo uani, katikati ya mitungi ya gesi na makreti ya chupa tupu, mbele ya mlango wa bati ulioandikwa "Wafanyakazi tu", na mzee anagonga.

Anagonga mara tatu, anapumzika, kisha mara moja. Ndivyo agongavyo siku zote.

"Baba Pacha," mama akasema bila kupandisha sauti, "tumekuja kula au tumekuja kuomba kazi?"

Mzee akashusha mkono. "Miguu imenileta yenyewe."

"Basi iambie hiyo miguu kwamba leo imebeba mgeni."

Wakazunguka jengo, mama mbele sasa, mzee nyuma, akikwepa madimbwi kwa niaba ya pindo la gauni la mkewe. Na kabla hawajaingia, ngoja nikueleze ni nani hawa, ili usije ukamcheka mtu usiyemjua.

Mzee ni dobi. Mtaani kwao wanamwita Mkunjo, kwa sababu suruali anazorudisha zina mstari mmoja mbele, umenyooka kama neno la mtu mkweli. Kibanda chake ni cha mabati, kimeegemea nyumba yake. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa zile siku umeme unapokuwa na mambo yake, ndoo ya wanga wa kukazia nguo, kopo la buluu ya kung'arishia nyeupe, na boksi la nyuzi. Kila mteja ana uzi wake pembeni mwa nguo. Mwalimu ana uzi mwekundu, fundi redio ana wa zambarau, na mkahawa wa Kifaransa una uzi wa kijani, mishono miwili iliyopishana. Siku hizi macho ya Mkunjo hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo jioni mkewe humtungia, sindano moja baada ya nyingine, huku anasinzia.

Miaka kumi na miwili amefua vitambaa vya mkahawa huo bila kupoteza hata kimoja. Na miaka hiyo hiyo hajavuka mlango wa bati zaidi ya hatua mbili. Lakini usidhani hakijui chakula cha humo. Mtunza stoo wa mkahawa, mama mmoja mvumilivu, humfungia vitambaa kwa mafungu, na kila fungu lina kikaratasi chenye jina la chakula kilichomwagika. Mkunjo mwenyewe ndiye aliyemwomba, kwa sababu siagi haitoki kama itokavyo divai, na yai ukilitia maji ya moto umelipika humo humo kwenye kitambaa. Kila Jumanne na Ijumaa mama yule humsomea vikaratasi kwa lafudhi ile ile ya jikoni, naye huvirudia mpaka ulimi unakubali. Kwa hiyo Mkunjo anakijua chakula cha Kifaransa chote, kuanzia supu mpaka kitamu, ila kakijulia upande wa nyuma. Tone hajaonja. Anajua tu namna kinavyogoma kutoka.

Ubaya wake ni mmoja. Mkunjo haangalii watu, anaangalia walichovaa. Ukimsalimia, jicho linakwenda kwenye kola. Harusini atakuambia shela ilichemshwa kupita kiasi, na jina la bibi harusi ukimwuliza, hana. Kwenye msiba mmoja aliwahi kumshika mfiwa bega kwa huruma kubwa, watu wakanyamaza wasikie atamfariji vipi, akasema, "Hii imetoka wapi? Mafuta ya baiskeli?"

Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa mpaka mwezi uliopita, alipostaafu. Nusu ya watu wanaopeleka nguo pale kibandani walipokelewa na mikono yake. Majirani husema nyumba ile imekamilika: mke anawapokea watu uchi, mume anawavisha. Naye siku alipojifungua, tena mapacha, mumewe aliitwa aingie. Akaingia, akasimama. Mama amelala, watoto wawili kifuani, jasho halijakauka, anangoja neno. Mkunjo akatazama kitanda juu mpaka chini, akasema, "Hiyo shuka muiloweke kwenye maji baridi. Ya moto itaishika."

Miaka thelathini na mmoja imepita. Mama Pacha amesamehe mengi, lakini hilo alilikunja vizuri akaliweka.

Sasa basi. Katika wiki moja yakatokea mawili. La kwanza, mmoja wa wale pacha, binti anayeishi mji wa mbali wenye baridi, alijifungua, akampigia mama yake simu: njoo, chumba kipo, uhamie kabisa. La pili, meneja wa mkahawa, kabla hajaenda likizo, alitia kadi ndani ya bunda la Ijumaa: chakula cha jioni cha watu wawili, kwa shukrani. Mkunjo akaileta nyumbani ameishika kwa pembe mbili, kama picha ambayo haijakauka. Alimkuta mkewe chumbani, sanduku liko wazi kitandani.

"Kwenda nitakwenda," mama akasema. "Mjukuu lazima nimwone. Kazi iko kwenye kurudi."

"Kurudi kuna nini?"

"Mimi nilistaafu nikidhani nitapata mtu wa kuzungumza naye. Wiki tatu niko hapa ndani. Umenieleza habari za kola, umenieleza habari za vifungo. Habari yangu hujaniuliza hata kwa bahati mbaya. Nyumba hii ina watu watatu, Baba Pacha. Mimi, wewe na pasi. Na katika hao, asiyepata moto ni mimi."

Mkunjo akaitazama kadi. Akaona afadhali ampe tu. Mama akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Haya. Twende kwa hao Wafaransa wako. Lakini sikia. Kuanzia supu mpaka kitamu, ukae na mimi kama mtu na mkewe. Usitaje doa. Usitaje sabuni, wala wanga, wala pasi, wala kamba, wala hao wateja wako. Ukiweza, naenda wiki mbili kisha narudi. Ukishindwa, natia sandukuni na nguo za baridi, ukiniona tena umeniona pichani."

"Neno moja tu?"

"Moja."

"Hata nikiulizwa?"

"Hata akuulize malaika."

Mkunjo akakubali, na kusema kweli hakuona ugumu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wake yeye si mtembezi. Hakujua anakopelekwa.

Haya, turudi mlangoni. Kile kioo kikafunguka, wakaingia, na Mkunjo akasimama ghafla. Meza ishirini, zote zimevaa nyeupe. Juu ya kila sahani kitambaa kimesimama kimekunjwa kama kofia. Alijisikia kama mwalimu aliyealikwa harusini akakuta kila kiti kimekaliwa na mwanafunzi wake. Yule pale wa meza ya dirishani alikuwa mkaidi sana mwezi uliopita. Yule wa pembeni amezeeka, hana muda. Mkunjo akafungua mdomo kwa furaha, akakutana na jicho la mkewe, akaufunga.

"Pazuri," akasema.

"Pazuri," mama akakubali, akaandika moyoni alama ya kwanza.

Mhudumu wao alikuwa mtu mzima mwenye masharubu membamba kama yamechorwa kwa kalamu. Akawavutia viti, akachukua ile kofia ya kitambaa, akaikung'uta mara moja, pwa! Akamtandikia Mkunjo mapajani. Mkunjo akatazama chini. Pembeni, uzi wa kijani. Na hapo katikati, kiraka kidogo alichokitia yeye mwenyewe baada ya mtu fulani kukizimia sigara. Kitambaa hiki alikipiga pasi Alhamisi, akakipa wanga wa mwisho wa ndoo, ule mzuri. Afutie mdomo? Mtu atafutia mdomo kichwa cha mwanawe?

Akangoja mhudumu apite. Akakikunja mara nne, akakiingiza mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso yake ya kila siku. Mhudumu aliporudi akaona mapaja ya mzee yako wazi, akatahayari. "Samahani mzee, nimekusahau." Pwa! Cha pili. Nacho, mhudumu alipogeuka, kikaenda mfukoni kumfuata mwenzake.

Kisha vikaja vitabu viwili vya vyakula vyenye majalada ya ngozi. Mama Pacha akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Haya ni majina ya chakula au ya magonjwa?"

"Nitakuagizia," akasema Mkunjo.

"Wewe?"

Hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda. Mkunjo alitazama ile orodha kama mtu anayetazama picha ya darasa lake la zamani. Wote anawajua, na anajua kila mmoja anavyosumbua. Akajiambia, mke wangu kavaa gauni jipya, meza ni nyeupe, tusichokozane na mtu. Akachagua vyeupe vitupu. Supu nyeupe ya viazi. Samaki kwa beshameli, ule mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Kila jina akalitamka kwa lafudhi safi ya jikoni, mpaka mhudumu akanyanyua nyusi.

"Mzee anajua Kifaransa! Na vipi bef burginyoni yetu? Ile nyama ya mchuzi wa divai. Ndiyo sifa ya nyumba."

Uso wa Mkunjo ukakunjamana. "Huyo tunafahamiana," akasema. "Hapana."

"Na huo mchuzi wa beshameli, mzee, ungependa..."

"Bado ni huu wa siagi nyingi, au yule bwana aliyekuwa anaweka unga zaidi amerudi? Aliondoka mwezi wa tatu, nadhani."

Alitaka tu kujua ugumu wa doa, maskini. Siagi nyingi inataka maji ya uvuguvugu, na tangu mwezi wa tatu vitambaa vilimjia na siagi nyingi na unga kidogo. Lakini mhudumu aliganda, kalamu mkononi. Kwamba mpishi wa michuzi aliondoka mwezi wa tatu, tena kwa hasira, ilikuwa siri ya jikoni. Akainama kwa heshima, akarudi nyuma hatua tatu bila kugeuka, akaingia jikoni mbio. Muda si muda, vichwa vitatu vikachungulia kwenye dirisha la mviringo la mlango wa jikoni. Mle ndani wamekubaliana: huyu ni mmoja wa wale watu wa magazeti wanaokula kimya kimya halafu wanaandika.

Mezani, Mama Pacha alikuwa ameweka viwiko juu ya kitambaa.

"Baba Pacha. Umejifunza wapi lugha hiyo?"

"Hapa hapa."

"Wewe hapa unachukua vitambaa mlango wa nyuma. Vitambaa havisemi Kifaransa. Aliyekufundisha ana mdomo."

Mkunjo hajui kusema uongo. Hata mdogo unamtoa jasho. "Nimefundishwa na mama mmoja," akasema.

"Mama mmoja."

"Ndiyo. Wa hapa hapa."

"Lini?"

"Jumanne na Ijumaa."

Mama akachukua glasi ya maji, akanywa, akairudisha taratibu sana. Zile Jumanne na Ijumaa anazotoka amevaa shati safi! "Na huyo mama wa Jumanne na Ijumaa, anafanya kazi gani?"

Mkunjo akafungua mdomo. Kazi yake? Kazi ya mama yule ni kupanga vitambaa kwa aina ya madoa. Akafunga mdomo. Akaufungua tena, labda kuna njia ya pembeni. Hakuna.

"Siwezi kusema," akasema.

"Huwezi kusema."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenikataza."

"Mimi nimekukataza kutaja doa, sijakukataza kutaja hawara!"

Supu ikafika. Nyeupe, imetulia, ina kijani kidogo juu. Mama akaitazama kana kwamba imehusika. Mkunjo akachovya kijiko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakionja kitu ambacho amekifua miaka kumi na miwili. Macho yakamtoka.

"Kumbe mtamu hivi!" akanong'ona.

"Nani mtamu?" akasema mama.

Wakala supu. Wakaja samaki. Wahudumu sasa walikuwa wawili, mmoja wa kuleta na mmoja wa kusimama tu, na kila waliporudi mapaja ya mzee yalikuwa hayana kitambaa. Walileta cha tatu, wakaleta cha nne. Hawakuuliza. Mtu wa gazeti ana desturi zake. Koti la harusi likaanza kuvimba upande wa kushoto. Na mama akazidi kuwa kimya, na ukimya wa mkunga si wa kuchezea. Ni mtu aliyezoea kungoja jambo litoke lenyewe.

Ndipo mpishi mkuu akatoka jikoni. Mama mpana, kofia ndefu, mikono imejaa alama za moto kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Akasimama mbele ya meza yao.

"Shikamoo mzee. Samahani nawakatiza chakula. Nani kakuambia habari za mpishi wangu wa michuzi?"

"Marahaba. Hakuna aliyeniambia. Niliona."

"Umeona wapi?"

Mkunjo akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye. Malaika kafika, msomaji wangu, na anauliza. Mdomo wa Mkunjo ukafunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, kama mlango wa duka siku ya upepo. Akisema, mke anaondoka na nguo za baridi. Asiposema, mke anaondoka tu, sababu ya mama wa Jumanne na Ijumaa.

"Naona," akasema mwishowe, kwa huzuni. "Basi. Mimi naona tu."

Mpishi akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Hajawahi kukutana na mjuzi asiyejisifu. "Basi kitamu nawaletea mwenyewe," akasema, akaenda, akarudi na matunda mawili ya peasi yaliyochemshwa kwenye divai nyekundu, yamesimama kwenye sahani kama watoto waliotoka kuoga, na mchuzi mwekundu unayatiririka. Nyekundu kabisa. Akaiweka sahani katikati ya meza nyeupe. Mkunjo akafumba macho.

Alipoyafumba, koti likafunguka kidogo, na pembe ya kitambaa ikachungulia.

"Nini hicho?" akasema Mama Pacha. "Leso ya nani hiyo?"

"Si ya mtu."

"Lete!"

Mkono wa mama ukaingia kwenye koti. Ni mkono uliotoa watoto waliokaa vibaya, haushindwi na mfuko. Akavuta. Kikatoka kimoja. Akavuta tena, cha pili. Cha tatu. Cha nne, na hicho kina kiraka. Mpishi akashangaa, mhudumu mwenye masharubu akashika kifua. Mama akavipanga mezani, tayari kabisa kwa mambo mazito, akainua kimoja kwenye taa atafute herufi za jina la mwanamke.

Akaona uzi wa kijani. Mishono miwili iliyopishana.

Sindano zote hizo alizitunga yeye.

Akakitazama kitambaa. Akatazama leso chakavu mkononi mwa mumewe, ina alama ya supu. Akatazama sahani nyeupe, samaki mweupe, viazi vyeupe. Akarudi nyuma taratibu kwa mawazo: Jumanne na Ijumaa, mama mmoja, mwezi wa tatu, huyo tunafahamiana. Na kicheko kikamjia kutoka mbali, kikapanda, kikamshinda. Mama Pacha akicheka hucheka mwili mzima, kazi ya wodini ilimfundisha kwamba ukicheka nusu unaumwa na mbavu. Alicheka mpaka meza ya dirishani ikaanza kucheka bila kujua sababu. Akajipiga paja, akarudisha mkono, kiwiko kikapiga sahani, na peasi moja, taratibu, kwa adabu zote, ikateleza ikamwangukia mapajani.



Kwenye gauni la manjano pakawa pekundu, ukubwa wa kiganja, na wekundu unatembea.

"Maji ya moto!" akapiga kelele mhudumu. "Leteni kitambaa na maji ya moto, upesi!"

Sikiliza sasa. Mkunjo anajua kwamba doa la namna ile lina dakika moja ya kwanza, na dakika hiyo haina mwenzake. Anajua maji ya moto yataliua gauni. Na anajua kitu kingine. Alipoinua macho akauona uso wa mkewe unangoja. Si uso wa hasira. Alikwisha kuuona mahali, uso huo huo, miaka thelathini na mmoja nyuma, juu ya mto, na watoto wawili chini yake. Siku ile yeye alikuwa anatazama shuka.

"Umependeza," akasema Mkunjo.

Mama akapepesa macho. "Nini?"

"Umependeza, Mama Pacha. Tangu kule kwenye mitungi ya gesi nilitaka kukuambia. Rangi hiyo inakufaa. Inakung'arisha uso."

Alisema hivyo bila kushusha macho hata unywele mmoja. Na wakati mdomo unasema, mkono wa kulia ulikwisha kukamata kidude cha chumvi, ukakifungua, ukamwaga yote pale pale palipohitaji, ukafuata na glasi ya maji baridi, tone kwa tone. Na mkono wa kushoto ulikuwa umemshika mhudumu kifundo cha mkono, asishushe kile kitambaa alichokwisha kuletewa, kinachofuka mvuke. Mikono haikuuliza macho. Ilikwenda yenyewe, kama miguu ilivyokwenda mlango wa nyuma.

Mpishi mkuu alitazama yale yote, akasema polepole, "Huyu mzee ni nani hasa?"

"Ni dobi wenu," akasema Mama Pacha, anajifuta machozi kwa kitambaa chenye kiraka. Mkunjo akakisindikiza kwa macho, shavu moja mpaka jingine. "Amekula kwenu miaka kumi na miwili, ila leo ndiyo mara ya kwanza anatumia mdomo."

Mpishi akavuta kiti, akakaa. "Kumbe! Hebu niambie basi, mzee, mpishi wangu mpya wa michuzi, vitambaa vinamsemaje?"

Mkunjo akageuka kwa mkewe. Macho yanaomba.

"Kitamu hakijaisha," akasema mama.

"Vinamsalimu," akasema Mkunjo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili asubuhi gauni la manjano lilikuwa kambani, na hata mimi ungeniambia nioneshe pale peasi ilipoangukia, nisingepaona. Mama Pacha alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama upande wa pili wa gauni, mumewe upande huu, wakawa wanaongea na kitambaa katikati yao.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Jana mdomo wako ulisema jambo, mkono ukafanya jambo. Mdomo ulikuwa na mimi kweli, au ulikuwa unanichezesha ili mkono upate nafasi?"

Mkunjo akafikiri. Angeweza kujibu upesi, wanaume wengi wangejibu upesi. Yeye akafikiri mpaka chai ya mwenzake ikapoa.

"Vyote viwili ni mimi," akasema.

"Hilo ni jibu la dobi."

"Sina jingine. Lakini sikulitazama, Mama Pacha. Haki ya Mungu, sikulitazama. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Na ulijuaje pa kumwaga chumvi?"

Mkunjo akachomoa kibanio kimoja kambani, akakirudisha pale pale.

Leo ni Jumatatu. Basi linaondoka saa nne. Sanduku liko wazi kitandani, limejaa nguo nyepesi za wiki mbili, na juu kabisa gauni la manjano. Kwenye kiti, pembeni, zipo nguo za baridi. Mkunjo alizipiga pasi alfajiri bila kuambiwa, akazikunja, sweta juu ya sweta, na hakuzitia ndani wala hakuzificha. Aliziacha hapo, akaenda kibandani. Mama amesimama kati ya kiti na kitanda, sweta moja mkononi. Anasikia pasi inavyopumua kule nje, kisha anasikia imenyamaza, kana kwamba mwenye pasi naye anasikiliza.

Mdomo ulitimiza ahadi. Mkono haukuahidi kitu. Wewe ungekuwa Mama Pacha, hilo sweta ungelitia wapi?